Ushahidi wa Ng'ombe, Bwawa la Nne

Ursula Nyamburi hana adabu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimemficha. Ana miaka hamsini na tisa, ana wajukuu sita, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na adabu hana. Siku padri alipokuja kubariki nyumba yake, alimwomba asisahau na choo, maana ndiko marehemu mume wake alikokuwa anakaaga muda mrefu kuliko kwingine. Padri alicheka mpaka akakosea sala. Sisi tuliokuwepo tulitazama chini.

Mimi ni Dorah, jirani yake. Hasira zangu ziko karibu, watu wote wa huku wanajua, kwa hiyo sitajitetea. Yeye kanizidi umri, namwita Mama Bhoke kwa jina la binti yake wa kwanza. Yeye ananiita Mtoto wa Dagaa, kwa sababu baba yangu alikuwa mvuvi Majita na nimekulia kwenye kuanika samaki. Kwao ni Mugeta, upande wa Bunda, watu wa ng'ombe watupu. Mimi nikimwambia ananuka mavi ya ndama, yeye ananiambia nikipita paka wa kijiji kizima wananifuata. Tumeishi hivyo miaka tisa.

Tunakaa chini ya barabara ya Musoma kwenda Bunda, kabla hujafika Makutano. Juu yetu kuna kiwanda kidogo cha vitambaa. Wanafuma, wanatia rangi, wanatoa vitenge na mashuka. Zamani maji yao machafu yalishuka kwenye mfereji wa bonde letu yakiwa hivyo hivyo, leo mekundu, kesho bluu. Watoto wakienda shule walijua vitenge vya mwezi ujao vitakuwa rangi gani. Mwenzetu mmoja alikuwa na bata weupe wanane, na bata wale walibadilika rangi kufuatana na oda za kiwanda, mpaka akachoka akawauza wakiwa kijani.

Tukalalamika sana, na mimi nikiwa mbele kwa kelele. Mwishowe kiwanda kikajenga mabwawa manne ya kusafishia maji, na kikaahidi kwamba maji yakishasafishwa tutavutiwa bomba tumwagilie bustani. Mtu wa kulinda mabwawa akatafutwa. Wafanyakazi wote walikataa kwa sababu ya harufu, akabaki mfagizi mmoja ambaye alisema yeye kazaliwa zizini, harufu haimpati. Huyo ndiye Ursula.

Akapewa koleo, gambuti na kofia ngumu, na siku ya kwanza tu akayapa mabwawa majina. La kwanza, linalopokea maji yenye povu na harufu ya yai viza, aliliita Meneja. Humo wanatia shabu, uchafu unagandana na kuzama chini. La pili lina mashine ya kupuliza hewa inayonguruma kutwa, akaliita Mwenyekiti, na mwenyekiti wa kikundi cha bustani ni mimi. La tatu limejaa matete na mafunjo yanayonyonya uchafu uliobaki. Hilo ni Mama Mkwe, kwa maelezo kwamba linakula kila kitu na halisemi asante. Baada ya hapo maji yanapita kwenye mchanga na mkaa, yanaingia bwawa la nne yakiwa meupe mpaka unaona kokoto chini. Bwawa hilo zuri aliliita Ursula.

Wageni walikuwa wengi, maana mabwawa yale yalikuwa kitu kipya. Walikuja wanachuo na madaftari yao, naye akawaambia maji ya Bwawa Ursula yanaondoa makunyanzi. Yeye mwenyewe, aliwaambia, ana miaka themanini na mbili. Wasichana wawili walinawa uso. Nilimgombeza, akasema amewafundisha jambo kubwa kuliko lile walilolifuata, yaani wasiamini kila mtu mwenye kofia ngumu.

Mtaalamu wa mabwawa alikuwa Prosper, kijana mpole wa miaka thelathini hivi, aliyeletwa na kiwanda kutoka chuo. Prosper alikuwa na vipimo vyake vya rangi, vya mafuta, vya madini mabaya. Kipimo cha chumvi kilikuwa kimekufa, akaagiza kingine Mwanza, na wakati anakisubiri akachukua sato arobaini akawatia Bwawa la Nne wawe kipimo cha muda. Ilikuwa mwezi wa nne. Mwezi wa saba sato walikuwa wamenenepa wanaogelea kama wako kwao.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa ziwani tulipoponzwa na uziwani wetu. Kwetu, maji anamoishi sato ni maji. Hakuna mjadala. Baba yangu alikuwaga akifika ufuko mgeni anaangalia kama kuna furu, wale samaki wadogo, wanacheza ukingoni, akiwaona anachota, anakunywa. Kikundi chetu kina akina mama kumi na wanane, na kumi na wanne kati yetu ni wa ziwani. Tulipelekwa kuwaona wale sato, tukasimama pale tunatikisa vichwa, tukarudi tumeamini, na wengine wetu tumeshajadili watakaangwa au watachemshwa.

Mimi niliamini kuliko wote, na nilikuwa na sababu. Nina ekari moja, mama yangu aliniachia, iko chini kabisa ya ukuta wa kiwanda. Sina duka, sina mume mwenye mshahara, nina ile ekari. Ikifika kiangazi lambo la kijiji linakauka na mboga zangu zinafia shambani nikizitazama. Bomba lilipangwa lipite kwangu kwanza ndipo liende kwa wengine. Basi mwezi wa nane nikatifua ekari nzima, sikubakiza hata tuta la magimbi, nikapanda miche ya vitunguu yote. Nikawa nabeba ndoo kutoka lambo kuivushavusha tu, nikihesabu siku zilizobaki kabla ya uzinduzi wa bomba.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo ndipo Ursula alipoanza kusema maji hayajawa tayari.

Ilianza na ng'ombe wa Lameck. Lameck ni mfugaji wa kule mlimani, mtu asiye na maneno, ana ng'ombe ishirini na kitu. Ng'ombe wake walikuwa wakivunja ua wa miiba wa kiwanda upande wa mlimani kila siku ya Mungu, wanaingia mpaka Bwawa la Nne. Ursula anawafukuza kwa koleo, kesho wanarudi. Meneja akampeleka Lameck ofisi ya kijiji kwa kosa la kuchunga ovyo. Lameck akaapa kwamba wanyama wale wanatoka lambo wakiwa wameshakunywa mpaka matumbo yanacheza. Hakuna aliyemsikiliza.

Ursula alimsikiliza. Mtu wa Mugeta hahitaji kuelezwa. Ng'ombe aliyeshiba maji havunji miiba kwa ajili ya maji. Alipokuwa msichana, baba yake alikuwa akiswaga kundi mwendo wa siku mbili kulipeleka kwenye ardhi yenye chumvi ili walambe, na ng'ombe wakikaribia mahali pale walikuwa wanakimbia wenyewe, mchungaji unabaki nyuma na fimbo yako. Ndivyo walivyokuwa wanakimbilia Bwawa la Nne.

Halafu akakumbuka magunia. Alipokuwa mfagizi alifagia stoo miaka minne, na stoo ilijaa magunia ya chumvi mpaka darini. Miaka yote alidhani kiwanda kina wapishi wabaya. Kumbe rangi haishiki kwenye pamba bila chumvi, wanaimimina kwa magunia. Mabwawa yanatoa rangi, yanatoa povu, yanatoa harufu, lakini chumvi haigandishwi na shabu, na matete na mkaa hayana habari nayo. Inapita tu na maji meupe, hakuna anayeiona.

Akaenda kwa Prosper. Prosper akamwonyesha sato. Akaenda kwa meneja, meneja akamwuliza kama sasa kiwanda kiajiri ng'ombe. Tatizo la Ursula ni kwamba alikuwa ametania miaka tisa mfululizo. Mtu aliyewaambia wanachuo ana miaka themanini na mbili, leo anakwambia maji yana chumvi, utajuaje kwamba leo hatanii?

Jumapili, baada ya misa, akaja kwangu nje ya kanisa akiwa na chupa ya soda yenye maji yale. Watu wote wapo. Akaniambia nionje.

"Nionje maji ya kiwanda, Mama Bhoke? Mimi nina wazimu?"

"Wewe hutaki kuonja," akasema, "ila wateja wako wa Musoma utawapa vitunguu vilivyokunywa haya wale."

Jamani, lilinichoma. Na mimi nikichomwa huwa napiga kelele. Nikamwambia ana kijicho kwa sababu hayumo kwenye kikundi. Nikamwambia Lameck amemhonga maziwa. Nikamwambia, mbele ya katekista na watoto wa komunio ya kwanza, kwamba mjane asiye na shamba la maana asitake kuharibu la mwenzake. Hilo la mwisho nilitamani kulirudisha likiwa bado mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka. Ursula akafunga chupa yake, akaenda zake, na mimi nikajiona nimeshinda.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumatano. Maturubai mawili, viti vya kukodi, spika, mgeni rasmi kutoka wilayani. Nilivaa kitenge kilichotiwa rangi hapo hapo kiwandani. Mshereheshaji alikuwa Clever, anayeongoza harusi zote kutoka Bweri mpaka Makutano. Ratiba ilikuwa sala, wimbo, risala yangu, hotuba ya meneja, hotuba ya mgeni rasmi, na mwisho mimi na mgeni rasmi tufungue koki, maji yashuke kwenye ekari yangu watu wakiona. Koki ilikuwa imefungwa utepe mwekundu.

Katekista aliombea maji dakika ishirini. Nilisoma risala. Meneja akasema kiwanda chake sasa kinatoa maji safi kuliko ya mvua. Mgeni rasmi akatupongeza kwa mambo mengi, mengine hatukuwa tumeyafanya. Kisha Clever akashika spika akatangaza kwamba kabla ya kufungua bomba, wafugaji wana zawadi yao kwa mgeni rasmi.

Mimi nilikuwa naijua ratiba, na zawadi haikuwemo. Nikageuka. Ursula anakuja na gambuti zake na kofia ngumu, anamvuta ng'ombe wa Lameck, mtamba mmoja wa kahawia anayeitwa Madamu, amefungwa kitenge shingoni. Lameck nyuma yake, ameinamisha uso. Vigelegele vikapigwa. Mgeni rasmi akasimama akajinyoosha koti, maana zawadi ya ng'ombe huku kwetu si jambo la kupokea umekaa.

Ursula akapiga magoti vizuri kabisa, akasema kwamba kabla mtu hajapokea mnyama ni haki yake kuona anavyokunywa. Ndivyo wanavyofanya wafugaji, alisema. Kama ndivyo wanavyofanya sijui mpaka leo. Akaweka mabeseni mawili ya bluu, yamefanana. Moja lina maji ya kunywa ya bomba la kijiji, jingine maji ya Bwawa la Nne. Akaeleza kwamba Madamu ametoka lambo sasa hivi, ameshiba, na tumbo lake tulikuwa tunaliona wote.

Madamu akanusa beseni la kijiji, akageuza shingo. Akaenda beseni la bwawa. Akanywa mpaka chini, akalilamba beseni mpaka likawa linasogea kwenye vumbi na yeye analifuata. Watu wakacheka. Ursula akajaza tena, akabadilisha mabeseni nafasi. Madamu akanusa, akazunguka, akalifuata lile lile. Watu wakacheka zaidi, Clever akasema kwenye spika kwamba hata ng'ombe wa Mara wanajua maji yenye kiwango. Mara ya tatu Madamu hakungoja beseni. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki, pale ilipokuwa ikidondosha tone tone, akaanza kuilamba, na alipomaliza kuilamba akala na utepe.

Mgeni rasmi alicheka akafuta machozi. Lakini mimi niliangalia nyuma, walikokaa wazee wa ng'ombe. Hao hawakucheka. Mmoja alivua kofia akaishika magotini.

Ursula akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mnyama huyu hana kiu, anatafuta chumvi, na maji haya yakishuka yataua bustani. Meneja akachukua spika haraka. Akasema anaheshimu mifugo, ila ng'ombe si mtaalamu, mtaalamu ni yule pale, na samaki arobaini wako hai kwenye bwawa, anayetaka aende akawahesabu. Upande wetu wa ziwani tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, viganja vikaniwasha. Nilimwangalia Prosper, naye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Clever akaniita. Mgeni rasmi akashika koki upande mmoja, mimi upande wa pili. Chini yetu ekari yangu, mistari ya vitunguu mpaka kwenye mfereji. Nasema ukweli mbele za Mungu, ningefungua. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kama yule mwanamke angesema jua linawaka ningeleta taa.

Kofia ngumu ikaanguka chini. Ursula alikuwa ameivua, amekuja mpaka nilipo. Hakuwa na uso wake wa siku zote.

"Dorah, usifungue," akasema. "Maji haya mimi nimeyaiba. Madumu mawili kila siku nikitoka kazini, tangu mwezi wa tano. Nilimwagilia kwangu. Twende ukaone."

Aliyasema hayo mbele ya meneja wake, mbele ya mtu wa wilaya, mbele ya umati wote, na spika ikaibeba sauti yake mpaka barabarani. Mkono wangu ukatoka kwenye koki. Sikuutoa, ulitoka.

Nyumba ya Ursula iko mwendo wa dakika kumi. Tulikwenda wote, mgeni rasmi na gari lake nyuma yetu, Madamu naye akafuata kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfunga. Nyuma ya nyumba ana kiwanja cha robo ekari, amekizungushia minyaa. Miezi ile yote alikuwa hataki mtu azunguke huko. Alisema kuna nyuki. Sisi tulikuwa tumekubaliana kwamba anapika gongo.

Hapakuwa na gongo. Palikuwa na mistari ya vitunguu iliyonyooka vizuri, mikono ya mtu anayejua kulima, na kila kitunguu kimekauka kuanzia ncha, njano, halafu kahawia, kama umepitisha pasi. Udongo ulikuwa na utando mweupe juu, kama mahali mtu alipochekecha unga wa muhogo. Upande wa maharage hakukuwa na kitu kabisa.

Ursula alisimama penye upenyo wa minyaa, hakuingia. Akasimulia kwa kifupi. Prosper aliposema maji yamekuwa safi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuamini, maana ni bwawa lake, amelisafisha kwa mikono yake, limepewa jina lake. Kuomba maji aliogopa atakataliwa, kwa hiyo akachukua. Wiki za mwanzo vitunguu vilipendeza. Halafu vikaanza kunyauka.

"Nilidhani vina kiu," akasema. "Nikawa naongeza."

Ndugu zangu, pale nililia. Nililia kwa aibu, sitaki kusema ilikuwa huruma tu. Nilikuwa nimemwambia mbele ya kanisa kwamba hana shamba la maana, na shamba lenyewe lilikuwa linakufa nyuma ya nyumba yake, naye anajua kwamba langu ndilo linafuata. Angenyamaza, kazi yake ingebaki salama, na mimi ningeumia nilivyojitakia. Alihangaika wiki tatu akitafuta shahidi mwingine asiyekuwa yeye, akampata ng'ombe, ng'ombe tukamcheka.

Prosper alichuchumaa, akachota udongo, akaugusisha ulimi.

"Sato anavumilia chumvi," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Nilisoma hiyo. Nilikuwa naijua."

Uzinduzi ukaahirishwa. Mgeni rasmi aliondoka bila ng'ombe, na nadhani ilimwingia moyoni. Meneja naye alisema wizi ni wizi, na kesho yake Ursula akapewa barua ya kukaa nyumbani. Kipimo cha chumvi kilifika kutoka Mwanza siku ya tisa. Prosper alikizamisha Bwawa la Nne akasoma namba. Mimi namba sikuielewa, nilielewa uso wake. Alinieleza kwamba vitunguu vinaanza kuumia kwenye robo tu ya ile aliyoiona, na kwamba udongo wa ekari yangu ungechukua miaka kurudi.

Kazi ikaanza upya. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye rangi, ambayo ndiyo yamebeba chumvi karibu yote, sasa hayaingii tena mabwawani. Yanakwenda kwenye masinia mapana ya saruji, yanakaushwa na jua, na chumvi yake inafungiwa mbali, kwa sababu ina rangi ndani yake, si ya kulambwa na mnyama. Maji ya kusuuzia ndiyo yanapita mabwawa yote manne, yanachanganywa na ya mvua kutoka paa la kiwanda, yanapimwa kila asubuhi. Na hata hayo tulianza kuyajaribu kwenye pamba, ambayo chumvi kidogo haiipi shida, ndipo miezi mitano baadaye yakaja kwenye mboga. Vitunguu vyangu nilivibebea ndoo za lambo mpaka mwisho. Nilivuna nusu, na hiyo nusu ilikuwa vitunguu vya kweli.

Prosper alikataa kusaini ripoti yoyote ya mabwawa mpaka Ursula arudi, na akaandika kwa mkono wake kwamba kosa lilikuwa lake yeye mtaalamu. Kijana mpole vile, sikujua ana mgongo. Ursula akarudi. Sasa kipimo anashika yeye. Asubuhi anasoma namba, anatutangazia sisi wa chini kwa kupaza sauti juu ya ukuta, na siku akimwona meneja anapita anataja namba ya kutisha ili amwone akikimbia kuja kuangalia. Nimesema hana adabu.

Lakini nimeruka jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae nisimulie haya yote.

Wakati yuko nyumbani na barua yake, Prosper alituambia udongo wa Ursula unaweza kuokolewa. Tuchanganye samadi, tufanye majaruba, matuta ya kuzuia maji yasikimbie, kisha tumwage maji safi mengi, mengi sana, mpaka chumvi izame chini kuliko mizizi inakoweza kufika. Mvua ingefanya kazi hiyo bure, lakini mvua ya mwaka ule nani alikuwa ameiona? Lambo lilibaki tope na maji kidogo katikati. Kila mmoja wetu alikuwa na miche yake inayolilia yale yale maji. Niliitisha kikundi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuwashawishi, hata sikuyatumia. Mama mmoja wa ziwani aliuliza tu tuanze saa ngapi.

Tulikuja akina mama kumi na wanane na ndoo. Lameck akaleta samadi na mkokoteni wa ng'ombe wenye mapipa mawili. Ursula alitukuta tunamwaga uani kwake, akasimama na kanga yake ya kulalia, akatuhesabu ndoo kwa ndoo. Alituambia tunachota kama watu wa harusini, tunatembea kama wa msibani, na tuta la kushoto hatujalifikia.

Ndoo ya tatu niliibeba mpaka mbele yake. Nilikuwa nimelala na maneno yangu siku nyingi.

"Mama Bhoke, yale niliyokwambia kanisani. Nisamehe."

Aliniangalia usoni, akaangalia miguu yangu, akaangalia njia niliyopita.

"Umemwaga nusu njiani," akasema. "Rudi."

Nikarudi lambo. Siku ile nilirudi mara kumi na nne, na kila nikifika alikuwa anaichungulia ndoo yangu kabla hajanipisha.